Manjano ya zamani na manjano mapya: kulilinda ini la mgonjwa aliyepandikizwa uloto

Macho ya mdogo wangu yalikuwa ya njano tangu akiwa mchanga. Seli nyekundu za mtu mwenye selimundu huvunjika baada ya wiki mbili au tatu, wakati za mtu mwingine huishi kama siku 120, na bilirubini inayotokana na kuvunjika huko ndiyo inayoonekana machoni. Kwetu Igombe, Mwanza, tulishayazoea. Mgeni akishtuka, mama humjibu, "Huyu ndivyo alivyo."

Mgonjwa akishapandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, maneno hayo yakome nyumbani. Uloto mpya ukishika, damu haivunjiki tena kama zamani na macho yanakuwa meupe. Yakirudi kuwa ya njano baada ya hapo, mara nyingi shida iko kwenye ini, na sisi wenye wagonjwa wa selimundu ndio tunaochelewa kushtuka, maana rangi hiyo tumelala nayo na kuamka nayo miaka yote. Mimi ndiye niliyemtolea mdogo wangu uloto, na mimi ndiye niliyemuuguza. Haya ndiyo ambayo ningeshukuru kama mtu angenikalisha chini akanieleza kabla hatujapanda basi la Dodoma.

Nchini kwetu kazi hii ilianza Muhimbili mwaka 2021 kwa wagonjwa wa mayeloma, saratani ya uloto. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kupandikiza watoto wenye selimundu. Huku Kanda ya Ziwa karibu mtoto mmoja kati ya watano huzaliwa akiwa na kinasaba kimoja cha selimundu, kwa hiyo barabara ya Mwanza hadi Dodoma, kama kilomita 700, bado itatuchosha wengi.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku

Usicheke. Mgonjwa wako atafuatiliwa Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, atapandikizwa Dodoma, na akizidiwa usiku atapelekwa kituo chochote kilicho karibu, ambako zamu iko kwa mtu asiyemjua. Andika tarehe, uzito, kila dawa na siku ilipoanza, na majibu manne ya ini kila yanapotoka: ALT, AST na ALP, ambavyo ni vimeng'enya vinavyopanda ini au njia ya nyongo ikiumia, na bilirubini, yote ya jumla na ile ya "direct" kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya maabara. Bilirubini ya damu kuvunjika hupandisha zaidi jumla. Ini au njia ya nyongo vikiwa na tatizo, hiyo ya pili nayo hupanda. Kwa mtu aliyekuwa na selimundu, mstari huo mmoja unatenganisha manjano ya zamani na manjano mapya.

Hatua ya 2: Homa ya ini B ina vipimo vitatu, si kimoja

Hapa ndipo tulipoponea chupuchupu, kwa hiyo nivumilie nikikawia.

Maabara moja ya mtaani ilimpima mdogo wangu HBsAg peke yake, ikatoka hasi, wakatuandikia "hana homa ya ini". Tukaibandika karatasi kwenye daftari tukatulia. Kule alikokwenda kupandikizwa, daktari aliisoma, akauliza, "Na anti-HBc iko wapi?" Hatukuwa nayo. Ilipopimwa ilikuwa chanya.

Tofauti ni hii. HBsAg ni kipande cha ganda la kirusi chenyewe: ikiwa chanya, kirusi kipo kazini sasa hivi. Anti-HBs ni kinga, iwe imetokana na chanjo au na kuugua ukapona. Ikifika 10 (kwa kipimo cha mIU/mL) na kuendelea inahesabiwa kuwa ya kutosha. Anti-HBc ni alama ya mguu: kirusi kiliwahi kupita humu. Chanjo haiachi alama hiyo kamwe. Mwenye HBsAg hasi na anti-HBc chanya hana ugonjwa leo, wala hamwambukizi mtu mezani, lakini ndani ya kiini cha seli za ini lake kuna mbegu ya kirusi iliyojificha, nayo haiondoki. Maisha yote kinga ya mwili huilinda isichipue.

Sasa fikiria kupandikiza uloto maana yake ni nini. Kinga yote ya zamani inafutwa kwa dawa kali, halafu kwa miezi mgonjwa anameza dawa za kushusha kinga ili uloto wa mtoaji usigombane na mwili. Mlinzi ameondoka, mbegu inachipua. Kirusi huzaliana kimya kimya, mgonjwa hana homa wala maumivu. Kisha dawa za kushusha kinga zinapopunguzwa, mlinzi mpya anarudi, anakuta seli za ini zimejaa kirusi na kuanza kuzishambulia zote kwa mpigo. Kwa hiyo ini huharibika pale mgonjwa anapoonekana amepona: nywele zimeota, anakula ugali, mnafikiria kumrudisha shule. Inaweza kuwa mwezi wa sita, au hata mwaka wa pili.

Kwa hiyo dai vyote vitatu, kwa majina yake. Damu ya kupima ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu, kwa sababu kingamwili za mchangia damu huweza kupita kwenye chupa na kukupa anti-HBc isiyokuwa ya mgonjwa. Daktari akiwa na shaka ataagiza kipimo cha wingi wa virusi.

Mdogo wangu alikipata wapi kirusi hicho? Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, na siku hizi imo ndani ya pentavalenti ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Yeye alichanjwa zote, kadi tunayo. Lakini kati ya kuzaliwa na wiki ya sita kuna mlango ulio wazi, na mama, bila yeye wala sisi kujua, alikuwa na HBsAg chanya. Mimi nilizaliwa 2000, sikuchanjwa kabisa. Tukapimwa nyumba nzima kwa sababu ya mtoto mmoja.

Homa ya ini C na VVU vipimwe siku hiyo hiyo. Jibu la VVU lina kazi kwenye ini pia: baadhi ya vidonge vya homa ya ini B ndivyo hivyo vya VVU, na kumpa mwenye VVU kidonge kimoja peke yake ni kukifundisha kirusi usugu.

Hatua ya 3: Mtoaji naye ana ini

Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Akipatikana, familia hupiga vigelegele na kusahau kwamba damu yake naye ina historia.

Mtoaji mwenye HBsAg chanya anaweza kumpa mgonjwa kirusi pamoja na uloto. Hilo halimwondoi moja kwa moja, hasa kama hakuna mwingine, ila huanzishiwa dawa kwanza mpaka virusi vishuke. Mwenye homa ya ini C huambukiza karibu kwa hakika, lakini siku hizi vidonge vya sofosbuvia pamoja na mwenzake, kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, kwa hiyo atibiwe kabla. Mtoaji ambaye hana kinga kabisa achanjwe muda ukiruhusu, kwa kuwa kinga yake huweza kuhama na uloto.

Mimi nilikutwa na anti-HBc chanya, anti-HBs ya kutosha, na virusi havikuonekana. Daktari alicheka: "Dada, wewe unampelekea askari waliokwisha pigana na huyu adui." Bado mdogo wangu aliandikiwa kidonge. Askari wachache hawatoshi wakati mgonjwa anameza dawa za kuwalaza.

Hatua ya 4: Kichocho na chuma

Miongozo mingi ya nje haikigusi kichocho, maana huko hawaogi ziwani. Sisi tumeogea Ziwa Victoria tangu tukijua kutembea. Kichocho cha ziwani ni kile cha tumbo: minyoo hukaa kwenye mishipa inayopeleka damu kwenye ini, mayai yake hunasa humo na kuacha makovu kandokando ya mishipa. Wengu huvimba, na wengine hufikia kutapika damu. Vipimo vya ALT huweza kuwa safi kabisa huku makovu yapo. Kwa hiyo omba choo na mkojo vipimwe kichocho, na anayepiga picha ya ultrasaundi ya tumbo aambiwe mgonjwa ametokea mwaloni, kando ya ziwa, aangalie mishipa hiyo. Tiba ni prazikwanteli, dozi kwa uzito. Minyoo ya strongiloidi nayo itafutwe, kwa sababu mgonjwa akipewa steroidi inaweza kusambaa mwili mzima.

Chuma: kila chupa ya damu aliyoongezewa imeacha chuma, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kinakaa kwenye ini. Kipimo ni feritini, na penye uwezo, picha ya MRI ya ini. Kikiwa kingi kuna dawa za kukitoa, lakini huchukua miezi mingi, kwa hiyo swali hili liulizwe mapema na si wiki ya kusafiri.

Hatua ya 5: Kidonge kianze kabla

Mwenye HBsAg chanya, na kwa kawaida mwenye anti-HBc chanya pia, huanzishiwa entekavia au tenofovia kabla ya dawa za kusafisha uloto. Lamivudini ilitumika zamani, ila kirusi huizoea. Tenofovia inahitaji figo ziangaliwe, hasa ikiwa pamoja na siklosporini, dawa ya kushusha kinga ambayo nayo inazielemea figo.

Nieleze kuhusu kopo. Tenofovia hujulikana mitaani kwa VVU. Shangazi alikuja kutusalimia kutoka Sengerema, akakiona kikopo juu ya kabati, akasoma jina herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la pili, kisha akakirudisha taratibu na kusema, "Kumbe." Neno hilo moja lilifika Sengerema kabla yake. Mdogo wangu alikataa kumeza siku mbili. Sasa tunahamishia vidonge kwenye chupa isiyo na jina, lakini jina na dozi vimeandikwa kwenye daftari, na shangazi tulimkalisha tukamweleza mpaka akaelewa. Panga mapema utajibu nini, kwa sababu kukiacha ghafla ndiko kunakoweza kuliwasha ini moto.

Hatua ya 6: Wiki tatu za mizani

Katika siku 21 za mwanzo, na mara chache baadaye, hatari kubwa ya ini haihusiani na kirusi. Dawa kali za kusafisha uloto huumiza mishipa midogo kabisa ndani ya ini mpaka inaziba. Damu inakwama, maji yanavujia tumboni. Walio hatarini zaidi ni wenye chuma kingi, wenye ini lililokwisha umizwa na virusi, na wanaopewa busulfani, mojawapo ya dawa hizo kali. Ndiyo sababu wodini hawataki parasetamoli iguswe karibu na busulfani, hata kichwa kikiuma.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni uzito, kabla ya macho. Mdogo wangu alikuwa na kilo 36. Asilimia tano ya hapo ni kilo 1.8, na muuguzi alituandikia 37.8 kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa: ikifika hapo, hatusubiri raundi ya daktari. Mizani iwe ile ile, asubuhi, akishakojoa, kwa nguo zile zile. Mtoto aliyekuwa hali chochote akiongezeka uzito, hajanenepa, ni maji. Ongeza maumivu chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa, chembe sahani (zile za kugandisha damu) zisizopanda hata akiongezewa, na bilirubini kufika 34 kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Kwa watoto bilirubini huweza kubaki chini hata ugonjwa ukiwepo, kwa hiyo mizani ina neno kubwa. Hospitali nyingi hutoa ursodioli mapema kama kinga. Dawa ya kutibu ile hali kali ni defibrotaidi, ghali na adimu. Uliza kabla ya kulazwa kama ipo.

Hatua ya 7: Akigeuka njano baada ya hapo

Mtazame mlangoni, kwenye mwanga wa jua la asubuhi. Taa za ndani hudanganya. Vuta kope la chini, kisha mwambie anyanyue ulimi. Uliza rangi ya mkojo na ya choo: mkojo wa chai ya rangi na choo cha kijivu huelekeza kwenye ini na nyongo.

Sababu ni nyingi na tiba zake hupingana, ndiyo maana hupaswi kukisia. Seli za mtoaji zikiushambulia mwili wa mpokeaji, ini huwa mojawapo ya shabaha, na mara nyingi ngozi ya viganja huwasha na kuwa nyekundu, au anaharisha. Tiba yake ni kushusha kinga zaidi. Kirusi B kikiwa kimeamka, kushusha kinga zaidi ni kumwagia petroli. Dawa zenyewe, za fangasi na siklosporini, huweza kupandisha majibu. Swali lako kwa daktari yeyote atakayempokea ni moja: "Wingi wa virusi vya B umepimwa?"

Moja halisubiri kesho. Tetekuwanga iliyojificha mwilini huweza kuamkia ndani, ikaanza na maumivu makali ya tumbo na ALT kupanda sana, siku kadhaa kabla ya vipele kutokea. Aliyeacha asiklovia, dawa ya kuizuia, akilalamika tumbo namna hiyo, aende hospitali usiku huo huo, na utaje neno tetekuwanga mwenyewe.

Na tafadhali tusichanganye maneno. Manjano ni dalili. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu. Nimesikia mtu akishauri mgonjwa akachanjwe homa ya manjano "kwa kuwa macho yamegeuka". Chanjo hiyo ina kirusi hai. Kwa mtu asiye na kinga inaweza kuua.

Hatua ya 8: Kurudi ziwani

Asioge ziwani, asifulie, asivue kwa miguu majini. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, viluwiluwi vya kichocho vife. Ya kunywa yachemke. Homa ya ini A na E hupita kwenye maji na chakula, na E ina tabia mbaya: kwa mwenye kinga ya chini huweza kugeuka sugu. Aina hiyo sugu hutoka hasa kwa nguruwe, kwa hiyo kitimoto cha rosti la haraka asiguse. Kikiwa kimeiva mpaka ndani ni suala jingine. Dagaa waliokaushwa mchangani waoshwe na wapikwe, wasitafunwe wakavu. Sato na sangara waive.

Karanga na mahindi yenye ukungu tupeni, hata kuku msiwape. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kuharibu maini yaliyokuwa mazima.

Balungi, lile tunda chungu, lisiliwe na anayemeza siklosporini. Hupandisha dawa kwenye damu. Mitishamba ndiyo vita vyenyewe. Jirani yetu, mama wa watu mwenye nia njema, alileta chupa ya mizizi iliyochemshwa "ya kusafisha ini". Mama alishindwa kukataa mbele yake. Alisema, "Asante mayu," yaani asante mama kwa Kisukuma, akaipokea kwa mikono miwili, na jioni akaimwaga kwenye migomba. Hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo.

Homa ya nyuzi 38 isizimwe na parasetamoli nyumbani. Ni safari ya hospitali.

Hatua ya 9: Ni lini kidonge kinaachwa

Si siku mnayoruhusiwa, wala siku macho yanapokuwa meupe. Kwa kawaida kidonge cha B huendelea angalau miezi 12 baada ya dawa za kushusha kinga kuachwa, na wengine madaktari wao huwafikisha 18. Mwenye HBsAg chanya anaweza kuhitaji zaidi. Wakati wote huo ALT na wingi wa virusi hupimwa kwa ratiba, na kikishaachwa vipimo huendelea mwaka mwingine. Safarini vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi. Begi likishashuka buti la basi huko Singida na abiria mwingine, utajuta.

Chanjo zake za utotoni zimefutika pamoja na uloto wa zamani. Ataanza upya: zisizo hai, pamoja na ya homa ya ini B, kuanzia miezi 6 hadi 12, zilizo hai kama surua si kabla ya miaka miwili, na daktari athibitishe kwanza.

Waliobaki nyumbani wapimwe, wasio na kinga wachanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Aliyekutwa na HBsAg chanya aanze kliniki yake mwenyewe, kwa sababu ini lake nalo linahitaji vipimo na ultrasaundi mara kwa mara hata akijisikia mzima. Mama sasa anakwenda yake kila baada ya miezi sita. Amenunua kaunta buku ya jalada jekundu, ili isichanganyike na ya mtoto.